Ng'ombe wa Bhoke na Gari Lisilokunywa Maji

Barua zenu zimenifikia. Msomaji mmoja wa Musoma ameniita mbwa. Mwingine, ambaye hakuweka jina, anauliza kama kweli mwanamume aliyetahiriwa akakomaa anaweza kuwauza ng'ombe wa dada yake ili anunue gari bovu. Anaweza. Mimi niliweza, na leo nawaeleza kilichofuata, halafu mkitaka kunitafutia jina baya zaidi ya hilo mtanitafutia.

Anayeanza kunisoma leo nisimwache njiani. Mimi ni Athanas, fundi wa magari, mtoto pekee wa kiume wa mama yangu Nyangi, wa Kemambo, Tarime. Baba alitutoka zamani. Kwetu Wakurya ng'ombe walioletwa kumwoa dada ndio kaka yake anaoolea. Basi mdogo wangu Bhoke alipoolewa na Wangwe wa Nyamwaga, ng'ombe wake waliingia zizini kwetu wakawa wangu, nami nilikuwa nimeshamchumbia Felista.

Sikuoa. Niliwaswaga ng'ombe wale hadi Nyakunguru nikampa Mzee Selestine, aliyewahi kuwa mpishi wa mzungu mpima madini. Yeye akanipa gari la mbio ambalo mzungu alimwachia siku aliyoondoka nchini. Lilikuwa limekaa bandani miaka, kuku wakitagia kwenye viti. Wiki iliyopita niliwasimulia Felista alivyochoka kungoja akaolewa na mwalimu. Hilo tuliache, maana bado linaniuma.

Gari lenyewe lilikuwa Poshe la Kijerumani, milango miwili, fupi, limelala chini kama kuku anayeatamia. Injini yake iko nyuma na haina rejeta. Halinywi maji hata tone. Feni kubwa inavuta upepo na kuupuliza kwenye silinda, na oili inamalizia kazi ya kupoza. Jambo hilo nilijisifia nalo Tarime nzima, kwenye kila kilabu cha pombe. Mama yangu peke yake ndiye sikumweleza, kwa sababu nilidhani habari za injini hazimhusu.

Miaka miwili maisha yangu yalikuwa uvunguni mwa gari lile. Bati nililinyoosha kwa nyundo ya mbao. Gasketi nilizikata kwa mkasi kutoka kwenye maboksi. Vipuri vingine niliving'oa kwenye Foksiwageni ya wamisionari iliyokuwa imekufa, maana magari hayo ni ndugu. Rangi nyekundu haikupatikana popote, duka la ushirika lilikuwa na kijani tu cha kupakia milango, basi likawa la kijani. Siku injini ilipoitika mara ya kwanza nililia. Sikulia vile baba alipokufa, na hilo nalo ni katika ninayoyaungama.

Mpango ulikuwa mzuri. Simoni, Mkurya mwenzetu wa upande wa Kenya anayeendesha magari ya mashindano, alikuja akaliona, akalipapasa, akasema likifika Isebania, ng'ambo ya mpaka, kwa nguvu zake lenyewe atanipa ng'ombe kumi na wawili. Mimi nilitoa wanane. Nilijiona mjanja kuliko wote waliopata kuzaliwa Kemambo.

Kisha, mwezi wa kwanza wa mwaka 1977, Bhoke akarudi nyumbani.

Alikuja kwa miguu kutoka Nyamwaga, mwanawe Christina mgongoni, mkono wa kushoto ameufunga kwa kitenge. Mama alipoufungua ule mkono alikwenda kuchemsha maji. Vidole viwili vilikuwa havikunjiki tena. Bhoke hakueleza mengi. Alisema tu kwamba safari hii Wangwe alitumia mpini wa jembe, na kwamba harudi.

Jioni hiyo alinifuata kwenye banda la gari. Aliniuliza ng'ombe wake wako wapi. Alijua, lakini alitaka niseme mimi. Nikamwonyesha gari.

Alilizunguka mara moja, mtoto amemlalia begani.

"Huyu anakamuliwa wapi, kaka?" akauliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaacha.

Wasiojua mila zetu waelewe hapa. Mwanamke akimkimbia mume, ng'ombe wanarudi kwa mume. Wakirudi wote, anakuwa huru na mtoto ni wake. Wasiporudi, yeye bado ni mke wa watu, na mtoto ni wa boma la mume hata akizeeka kwetu. Wazee wa upande wa Wangwe walikuja baada ya wiki moja, wakakaa, wakanywa uji wa mama, wakasema kwa upole kabisa kwamba wanataka kimoja kati ya viwili. Ng'ombe wanane au Bhoke, na mwisho ni Jumapili ya wiki inayofuata. Baada ya hapo vijana watakuja kumchukua.

Nikawaambia wazee ng'ombe watakuwepo kabla ya Jumapili. Nilipeleka ujumbe kwa Simoni, akajibu kwamba Alhamisi atakuwa pale mpakani na ng'ombe wake. Nikamwambia Bhoke alale usingizi.

"Unaniapia?" akauliza.

Nikamwapia kwa kaburi la baba.

Alhamisi asubuhi nililitoa gari uani nikalifuta vumbi. Bhoke alisema anakwenda na mimi, kwa sababu ng'ombe ni wake na anataka awaone kwa macho kabla hajaamini. Nikakubali. Nilikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi kuchukua barua ya safari, maana siku zile ukitoka kijijini na kitu cha thamani bila barua utaeleza mpaka koo likauke. Balozi hakuwa na haraka. Nilirudi jua limepanda, nikawasha, nikamuaga mama, tukaondoka mbio.

Hatukufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza taa ya oili iliwaka. Nikasikia injini inagonga, tumbo lake linatoa sauti ambayo fundi akiisikia anahisi mkono wa mtu kwenye roho yake. Nikazima hapo hapo. Nililala chini, nikafungua nati ya kumwagia oili.

Yalitoka maji. Maji kwanza, mengi, kisha oili nyeupe kama chai ya maziwa.

Nilisema ni Wangwe. Nilisema ametuma mtu aingie uani wakati niko kwa balozi. Bhoke alikaa kwenye ukingo wa barabara akimnyonyesha mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Wangwe hajui hata mahali pa kuwekea petroli. Sikumsikiliza. Niliapa nitamtoboa kwa mshale.

Gari lilirudi Kemambo likivutwa na maksai wa jirani, wanne, kwa minyororo ya plau. Wale waliokuwa wamezoea majivuno yangu walitoka mashambani kutazama. Mmoja akauliza kama ndizo mbio zenyewe. Ng'ombe wa maskini hazai, na wa kwangu mimi walikuwa wamegeuka bati ambalo lilihitaji ng'ombe wengine kulitembeza.

Uani nilikuta mama amesimama mlangoni na kibuyu mkononi. Nilikuwa bado natukana. Nilikuwa nasema atakayepatikana aliyetia maji kwenye injini hii sitamwacha hai.

"Ni mimi," mama akasema.

Mama yangu si mzaliwa wa Tarime. Kwao ni Nata, Serengeti, kando ya barabara ya Fort Ikoma, kule ambako kiangazi kinachoma hadi mizizi. Alipokuwa msichana, malori yalisimama mbele ya boma lao yakifoka mvuke, na kazi yake ilikuwa kupeleka maji. Baba yake aliwafundisha hivyo, kwamba dereva unampa kigoda na gari unalinywesha maji, kwani mgeni hapiti na kiu mbele ya nyumba ya watu.

"Miaka miwili sijakuona unalipa maji," aliniambia. "Nikasema, kwa kuwa lilikuwa halitembei. Leo linakwenda Sirari mpakani, safari ndefu, linakwenda kumkomboa mtoto wangu. Wewe umekwenda kwa balozi. Nikatafuta mdomo wake, nikaupata pale nyuma ulipokuwa unamiminia yale mafuta. Nikalipa."

Alilimiminia kibuyu kizima, na cha pili nusu.

Hapa ndipo naomba radhi, na najua anayestahili kuombwa hasomi gazeti, yuko chini ya udongo sasa. Nilimtazama mama yangu usoni nikamwambia amemuua Bhoke. Nilimwambia amemuua kwa mkono wake mwenyewe, kwa ujinga wa porini kwao.

Hakulia. Aliweka kibuyu chini.

"Mimi nilimwaga maji, Athanas," akasema. "Ng'ombe uliwauza wewe."

Akaingia ndani. Bhoke, aliyekuwa nyuma yangu na mtoto, alimfuata mama yake bila kunitazama.

Oili mpya haikuwepo. Kijijini hakuna, Tarime mjini hakuna, trekta la kijiji lenyewe lilikuwa limesimama kwa kukosa oili. Ilinibidi nifanye kile mafundi wa huku hufanya wakiwa hawana njia. Nilikusanya ile oili nyeupe yote kwenye sufuria kubwa ya sherehe, nikaiweka kwenye mafiga ya mama, nikaichemsha polepole ili maji yatoke kwa mvuke na oili ibaki. Moto ukizidi, oili inawaka na nyumba inaondoka. Moto ukipungua, maji yanabaki. Inataka mtu wa kukaa nayo saa nyingi bila kuchoka.

Mama alikaa nayo. Hakuniuliza. Alikuja na kigoda chake, akawa anachomoa kuni na kuzirudisha, macho kwenye mapovu. Mimi nilikuwa uani nimeifungua injini naiosha kwa mafuta ya taa, napitisha kitambaa kila pembe, nakagua beringi moja moja. Zilikuwa salama, kwa vile nilizima mapema. Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa yote tulifanya kazi kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake, mimi na mama, na sikumwambia hata neno moja. Mchana wa Ijumaa aliniletea ugali, nikala nikiwa nimempa mgongo. Ningeweza kugeuka. Mpaka leo sijui ni kiburi gani kilinishika shingo.

Hatukuwa na redio. Majirani waliokuwa nayo walikuwa wakizungumza habari ya Chama kipya kitakachozaliwa Jumamosi, na vijana walikuwa wanajifunza nyimbo. Kama kuna mtu alisikia jambo jingine kwenye redio Ijumaa ile, hakuja kuniambia.

Jumamosi asubuhi niliimimina oili ndani, nyeusi, safi, haina tone la maji. Nilipiga stata. Injini iliitika.

Tuliondoka mapema, Bhoke kando yangu, Christina mapajani. Gari likapanda ule mlima wa Alhamisi bila kukohoa. Tulipofika tambarare nilikanyaga mafuta, na ndugu zangu, kama nasema kweli lazima niseme na hili: nilifurahi. Nilisahau mkono wa dada yangu, nikamsahau mama niliyemwacha bila kumuaga. Upepo uliingia madirishani, feni inaimba nyuma, watu wanakimbilia barabarani kututazama, na nikajiambia hakuna mtu katika wilaya nzima aliye kama mimi. Bhoke mwenyewe alitabasamu. Aliniuliza akipata ng'ombe wake na kuwarudisha, wale wanne watakaobaki nitawafanyia nini. Nikamwambia watakuwa wake. Akasema atampa mama mmoja wa maziwa.

Sirari tulikuta malori yamepanga mstari mrefu na madereva wamekaa chini ya matrela wakicheza karata. Nilipita pembeni hadi mbele. Mti wa kizuizi ulikuwa chini. Askari walikuwa wengi kuliko kawaida, na bunduki.

Askari mmoja aliuinamia mlango wangu, akanisalimu vizuri, akaniambia nigeuze. Mpaka umefungwa tangu jana.

Nilimwambia nina barua ya balozi. Akasema hata ningekuwa na barua ya malaika. Nikamuuliza umefungwa mpaka lini. Akanyoosha mgongo, akatazama upande wa Kenya, akasema yeye naye ana mke Isebania na hajui.

Simoni alikuwepo. Nilimwona ng'ambo ya kizuizi, amesimama kando ya duka, na nyuma yake ng'ombe kumi na wawili wakila majani ya mtaroni. Bhoke aliwaona kabla yangu. Aliwahesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

Nilimwita. Alikuja hadi askari wa upande wao walipomruhusu, tukasemezana kwa kupaza sauti.

"Athanas, si tulisema Thursday?" akasema. "Nimekungoja hapa Thursday yote, mpaka wenye hoteli wananijua. Jana hiyo mambo ikafungwa. Ulikuwa wapi, bwana?"

Nilimwambia gari liliharibika. Kisha nikamwomba. Nilimwomba awapitishe ng'ombe kwa njia za vichakani, ambazo sisi Wakurya tunazijua tangu kabla mzungu hajachora mpaka, na mimi gari nitamtunzia, nitampelekea siku mpaka ukifunguliwa.

Simoni alilitazama gari. Alikuwa na huruma, nilimwona, lakini alikuwa pia mtu mwenye akili.

"Ng'ombe atapita kichakani," akasema. "Gari itapita wapi? Nikupe ng'ombe leo, halafu nikae nikiangalia gari yangu ikiwa ng'ambo miaka mingapi? Wewe ungekubali?"

Nisingekubali. Askari akatuambia tumezungumza vya kutosha. Simoni aliwageuza ng'ombe wake akaondoka nao kuelekea kwao, na sisi tukabaki tukitazama migongo yao.

Alhamisi wangekuwa wetu. Nililaza kichwa kwenye usukani nikalia mbele ya madereva wale wote. Nilikuwa nategemea Bhoke anilaumu, nimwambie ni maji ya mama, tugawane uchungu. Hakunilaumu. Alimfunga Christina vizuri kwenye kanga kwa ule mkono mmoja, akasema:

"Geuza gari, kaka. Nipeleke Nyamwaga."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia tutafute njia nyingine, tumwombe padri, twende kwa wazee wa ukoo. Akaniuliza Jumapili ni lini. Ilikuwa kesho yake.

"Wakinifuata kesho, watanipiga mbele ya mama," akasema. "Mama ameshaona ya kutosha wiki hii. Nikienda mwenyewe, labda atanipokea kwa maneno tu."

Basi nikageuza. Gari nililolifufua kwa ng'ombe wa dada yangu, safari yake ya kwanza ya kweli ilikuwa kumrudisha dada yangu kwa mtu aliyemvunja vidole.

Na barabara nzima ilikuwa sherehe. Chama kilikuwa kinazaliwa siku ile, na kila kijiji watu walikuwa nje na matawi mikononi, wanaimba. Wakaona gari dogo la kijani linang'aa, kijana kwenye usukani, msichana amekaa kando amejifunika kanga, mtoto haonekani ndani yake. Wote wakafikiri ni arusi. Vigelegele vilituanzia Tarime mjini vikatufuata hadi Nyamwaga. Akina mama walitupa majani juu ya kioo. Mahali tulipopunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, bibi mmoja aliingiza mkono dirishani akamgusa Bhoke kichwani, akambariki, akamwambia azae wengi na mumewe ampende.

"Asante, bibi," Bhoke akajibu.

Sikuweza kumtazama. Nilishika usukani nikamwambia mpaka hauwezi kufungwa muda mrefu, nchi ndugu hazikai zimenuniana, mwezi mmoja au miwili nitakuja na ng'ombe. Nilirudia mara tatu.

Nyamwaga nako walikuwa wamekusanyika, mbele ya ofisi ya kijiji, na Wangwe alikuwa katikati yao. Hakuwa amelewa. Ni mwanamume mrefu, wa maneno machache, mwenye mifugo mingi, ambaye watu humpisha njia. Tulipoingia na lile gari, kundi lote lilimwacha msemaji na wimbo wake likatuzunguka. Vigelegele vikapigwa upya. Wazee wawili wale waliokunywa uji wa mama walikuwepo, wamesimama na fimbo zao. Tukapeleka gari polepole hadi kwenye uwanja wa Wangwe, umbali mfupi, na watu wote nyuma.

Bhoke alishuka. Niliwasalimu wazee shikamoo, nikasema nimemleta mwenyewe kwa heshima, na kwamba mpaka ukifunguliwa ng'ombe watakuja. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilijua ikibidi nitapigwa mimi kwanza.

Wangwe hakuwa ananisikiliza. Hata mke wake hakumtazama. Alikuwa analizunguka gari. Alipitisha kiganja kwenye bati, akainama akaona taa, akafungua mlango akaingia, magoti yakamfika kifuani. Watu walicheka kwa furaha, mtu akamwita bwana mkubwa. Niliona jambo hilo linamwingia. Akaniambia niwashe. Nikawasha. Alisikiliza mngurumo ule macho ameyafumba kidogo, mikono kwenye usukani, na watu wanapiga makofi.

Kisha akashuka akanijia.

"Mura," akasema, kama tunavyomwita kijana kwetu, "ng'ombe wangu ndio hawa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sitaki wengine. Wazee hawa wasikie. Niachie gari, mchukue dada yako na mtoto wake, nendeni. Sina madai kwenu tena."

Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali. Wa pili akasema amesikia na ni haki. Bhoke, aliyekuwa ameshafika karibu na mlango wa nyumba, aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alinitazama mimi.

Wasomaji wangu, ilikuwa neno moja. Ilikuwa niseme "chukua" na kumkabidhi ufunguo, kisha tutembee kwa miguu hadi Kemambo, mimi na dada yangu na mtoto, tumkute mama.

Nikanyamaza.

Niliwaza miaka miwili ya uvunguni. Niliwaza mikono yake haijui gia, atalivunja kabla mwezi haujaisha, litalala hapa kuku watagie tena kwenye viti. Niliwaza mpaka utafunguliwa wiki ijayo, na Simoni na ng'ombe wake kumi na wawili. Niliwaza labda tupatane kidogo, labda atakubali kitu kingine. Yote hayo yalinipitia nikiwa nalitazama gari. Sijui nilinyamaza muda gani. Bhoke anajua, kwa sababu muda wote huo alikuwa ananitazama mimi.

Makofi yalipokoma, niligeuka. Dada yangu alikuwa anaingia ndani ya nyumba ile, amemshika Christina kwa mkono mzima. Mlango ukafungwa, na nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

"Chukua," nikasema. "Wangwe, chukua gari. Ufunguo huu hapa. Chukua."

Wangwe hakunyoosha mkono. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuitegemea kwa mtu kama yule, kana kwamba mimi ndiye wa kuonewa aibu. Akaenda mlangoni akagonga, akasema kaka yako amekubali, toka uende.

"Mwambieni fundi aondoke na gari lake," sauti ya Bhoke ikajibu kutoka ndani, bila kilio chochote. "Mimi sina kaka."

Wazee waliangaliana. Mmoja akasema mwanamke ameingia kwa miguu yake mwenyewe mbele ya mashahidi, kwa hiyo neno la gari limekufa. Wa pili akasema halijafa. Wakaanza kubishana. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hakuna aliyepiga kigelegele.

Mimi nilikwenda nikakaa chini, mgongo kwenye ule mlango, nikasema siondoki hapa bila dada yangu. Nilimwita Bhoke kwa jina. Nilimwambia yote ambayo nilipaswa kumwambia mama. Ndani nilisikia mtoto akimuuliza mama yake ni nani yuko mlangoni, na mama yake hakumjibu.

Wangwe akaniambia kwa mara ya mwisho niinuke kwenye mlango wake. Nilipokataa, aliingia zizini akatoka na ule mpini wa jembe. Yaliyofuata nitawasimulia wiki ijayo.